Jinsi ya Kupima Walinzi wa Nje Kabla ya Drafti ya Fantasi ya Besiboli

Huku Marekani, wenzako wa kazini wakikualika kwenye ligi yao ya fantasi ya besiboli (mchezo wa kuunda timu yako ya kubuni kwa wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani), utaambiwa mapema kwamba walinzi wa nje wamejaa tele: anza na nafasi nyingine, hao utawaokota baadaye. Ushauri huo umewaangusha wengi, na ndiyo maana naandika mwongozo huu.

Walinzi wa nje, au autifilda, ni wale watatu wanaosimama kwenye nyasi za mbali, kushoto, katikati na kulia. Timu za ligi kuu, MLB, ni 30, kwa hiyo wanaoanza ni 90. Ligi ya fantasi yenye timu 12, kila moja ikidai walinzi wa nje watano, inameza 60, na hapo hatujahesabu benchi wala nafasi ya mpigaji wa ziada. Theluthi mbili ya wote wanaoanza tayari wana wenyewe. Wanaobaki ni wale wanaogawana nafasi, wanaopumzishwa kila mrushaji wa mkono wa kushoto akipangwa, au ambao kibarua chao kinaweza kuota nyasi mwezi Mei.

Kama umezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, kuna tofauti moja kubwa. Kule mimi, wewe na jirani tunaweza sote kuwa na Haaland. Kwenye drafti, yaani siku ya kuchagua wachezaji kwa zamu, mchezaji ni wa mtu mmoja. Akishachukuliwa, utampata tu kama mwenyewe atamwacha au atakubali kubadilishana.

Ligi nyingi hufuata mtindo wa rotisari, uliobuniwa na Daniel Okrent na marafiki zake mwaka 1980 na kupewa jina la mgahawa wa New York. Mpigaji hupimwa kwa mambo matano: mikimbio aliyofunga mwenyewe (kuzunguka besi, yaani vituo, zote nne), homurani (mpira uliopigwa ukavuka uzio), mikimbio aliyoleta kwa pigo lake, besi alizoiba (kukimbilia besi inayofuata bila kungoja pigo), na wastani wa kupiga. Timu hupata pointi kwa nafasi inayoshika katika kila jambo. Wastani wa .263 maana yake ni hiti 263 (mapigo yaliyomfikisha besi salama) katika majaribio 1,000. Mlinzi wa nje ana thamani kwa sababu nafasi yake ndiyo yenye watu wengi wanaoweza kukupa homurani na besi za kuiba kwa pamoja.

Hatua ya 1: Soma kanuni za ligi yako kabla ya kusoma orodha ya mtu yeyote

Orodha unazozikuta mtandaoni zimeandaliwa kwa ligi fulani, na huenda si yako. Chukua msimu wa 2025. Juan Soto wa Mets alipiga homurani 43, akaiba besi 38, wastani .263. Pete Crow-Armstrong wa Cubs alipiga homurani 31, akaiba 35, wastani .247. Soto yuko mbele, ndiyo, lakini pengo si la kutisha, na Crow-Armstrong huchukuliwa baadaye kwenye drafti, yaani kwa bei nafuu.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Ligi nyingine haziangalii wastani wa kupiga, zinaangalia mara ngapi mtu anafika kwenye besi, pamoja na zile besi za bure ambazo mpigaji hupewa pale mrushaji anapokosea shabaha mara nne. Soto alipewa besi za bure 127, kiwango chake cha kufika kikawa .396. Cha Crow-Armstrong kilikuwa .287. Watu wawili waliokaribiana wameachana kama Mombasa na Kigoma. Ndiyo maana mstari wa kwanza kwenye daftari langu kila mwezi Machi ni kanuni za ligi, naziandika kwa mkono hata kama ni zilezile za mwaka jana.

Angalia pia sheria ya nafasi. Kwa kawaida mchezaji huhesabiwa kuwa mlinzi wa nje akiwa amecheza huko michezo 20 msimu uliopita, ingawa ligi nyingine hudai pungufu ya hapo. Kyle Schwarber wa Phillies alipiga homurani 56 mwaka 2025, lakini karibu msimu mzima alikuwa mpigaji mteule, yaani anapiga bila kulinda. Mookie Betts naye, aliyekuwa mlinzi wa kulia miaka mingi, sasa anacheza ndani ya daimondi, yaani eneo la karibu na besi. Majina haya bado yanakaa vichwani mwa watu kama walinzi wa nje. Hakikisha kwenye programu ya ligi yako kabla saa ya drafti haijaanza kukukimbiza.

Hatua ya 2: Hesabu zamu atakazopata

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, kwa sababu mambo manne kati ya yale matano yanaongezeka kila mtu anaposimama kupiga. Asiyesimama hakuletei chochote.

Anza na nafasi yake kwenye mpangilio wa wapigaji. Msimu una michezo 162, na wapigaji ni tisa. Kila ukishuka nafasi moja kwenye mpangilio unapoteza zamu kama 18 kwa msimu, yaani 162 gawanya kwa 9. Anayepiga wa kwanza na anayepiga wa saba wametofautiana zamu zaidi ya 100. Hizo ni kama wiki tatu au nne za besiboli ambazo mmoja anacheza na mwingine amekaa. Kwa hiyo ukiwa na wachezaji wawili wenye nguvu sawa, mchukue anayepiga juu. Ukitafuta mikimbio, watatu wa mwanzo ndio wenye mikimbio. Ukitafuta mikimbio ya kuletwa, angalia wa tatu, wa nne na wa tano, kisha uangalie kama walio mbele yao wanafika kwenye besi.

Halafu uliza kama anacheza kila siku. Wapo wapigaji wa mkono wa kushoto ambao kocha huwaweka benchi kila timu pinzani inapoleta mrushaji wa kushoto. Namba zao kwa kila zamu zinapendeza sana, ila zamu zenyewe hazitimii. Kwenye ligi ambayo unabadilisha kikosi kila siku unaweza kuwatumia. Kwenye ligi ya kikosi cha wiki watakuachia mashimo.

Jambo la mwisho hapa ni glavu. Fantasi haikupi pointi kwa mpira uliodakwa, na kwa sababu hiyo watu wengi hawaangalii ulinzi kabisa. Lakini mlinzi wa katikati anayedaka kila kitu hapumzishwi hata akikaa wiki mbili bila hiti. Crow-Armstrong yuko hivyo. Asiye na glavu, anayeishi kwa jambo moja tu, hana kinga. Esteury Ruiz aliiba besi 67 akiwa Oakland mwaka 2023, akaongoza ligi ya American, moja ya nusu mbili za MLB. Alikuwa na homurani tano tu. Msimu uliofuata hakufikisha hata michezo 30 kwenye ligi kuu. Waliomchagua kwa ajili ya zile 67 walikuwa wamenunua mbio bila kuuliza kama mkimbiaji ana kazi.

Hatua ya 3: Weka misimu mitatu kwenye mizani

Namba ya mwaka jana ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayopandisha bei. Ipunguze makali kwa hesabu nyepesi ambayo mtaalamu wa takwimu Tom Tango aliitumia kwenye makadirio yake yaitwayo Marcel: msimu uliopita uzidishe kwa 5, wa kabla yake kwa 4, na wa nyuma zaidi kwa 3. Jumlisha, gawanya kwa 12. Hesabu yake kamili huangalia kiwango kwa kila zamu, umri na wastani wa ligi nzima, lakini kwa karatasi ya mezani hii fupi inatosha, mradi mchezaji alicheza misimu yote mitatu bila kukosa muda mrefu.

Mjaribu Soto kwenye kuiba besi. Mwaka 2023 aliiba 12, mwaka 2024 aliiba 7, mwaka 2025 akaruka mpaka 38. Mara tano 38 ni 190, mara nne 7 ni 28, mara tatu 12 ni 36. Jumla 254, gawanya kwa 12, unapata 21. Sasa homurani zake: 35, 41, 43. Hesabu ileile inakupa 40. Umeona? Homurani zimetulia, unaweza kuzilipia bila wasiwasi. Besi za kuiba, mizani inasema lipia 21; zikija 38 ni neema.

Corbin Carroll wa Arizona ana sura nyingine. Homurani 25, 22, 31; besi 54, 35, 32; wastani .285, .231, .259. Mizani inatoa homurani 26 au 27, besi 38 au 39, wastani .256. Hakuna namba hapo inayoruka ghafla kama zile 38 za Soto, na mtu wa namna hiyo mimi humlipia bei kamili bila kusitasita.

Hatua ya 4: Tafuta sababu nyuma ya namba

Mizani inakuambia kiasi gani. Haikuambii kwa nini. Kwa hilo nenda kwenye takwimu za Statcast, mfumo wa kamera na rada uliowekwa kwenye viwanja vyote vya ligi kuu mwaka 2015. Ziko bure kwenye tovuti ya Baseball Savant. Vitu vingi viko huko na vitakuchanganya. Mimi naangalia vichache.

Kwanza kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo. Pigo la maili 95 kwa saa au zaidi, kama kilomita 153, linahesabiwa pigo zito. Mtu ambaye homurani zimepungua lakini mapigo mazito yako palepale, mara nyingi zinarudi. Aliyepiga homurani nyingi kwa mapigo mepesi, mwogope. Kisha angalia wastani wake kwa mipira iliyoingia uwanjani tu, ukiacha homurani na mara alizotolewa kwa straiki, yaani kwa kukosa mpira mara tatu. Ligi nzima huzunguka karibu .290 hadi .300. Mtu aliyeruka hadi .360 bila kupiga kwa uzito zaidi alikuwa na bahati ya mipira kuangukia penye uwazi. Wenye mbio hukaa juu kidogo ya wengine, na hao usiwahukumu kwa haraka.

Halafu gawanya msimu mara mbili. Crow-Armstrong alifika mapumziko ya Julai 2025 akiwa na homurani 25 na besi 27. Baada ya hapo: homurani 6, besi 8. Ukitazama jumla tu unaona nyota. Ukitazama vipande unaona warushaji waliogundua kwamba huzungusha gongo hata kwa mipira iliyo nje ya eneo, wakaacha kumpa mizuri. James Wood wa Washington naye alimaliza na homurani 31, nyingi zikiwa za nusu ya kwanza, na alitolewa kwa straiki mara 221. Simaanishi uwakwepe. Namaanisha usiwalipie kama watu waliopiga hivyo miezi sita mfululizo.

Na wakati mwingine sababu ni mtu. Soto hana mbio. Kasi yake ya kukimbia iko chini ya wastani wa ligi. Zile besi 38 zilitokana na kusoma warushaji, na aliyesifiwa sana kwa kumfundisha ni Antoan Richardson, kocha wa besi ya kwanza wa Mets. Baada ya msimu huo Richardson aliondoka akaenda Atlanta. Ujuzi haumtoki mtu kwa siku moja, lakini hiyo ni sababu nyingine ya kuziamini zile 21 za mizani.

Hatua ya 5: Pima besi za kuiba kwa macho ya sasa

Mwaka 2023 ligi ilibadilisha sheria. Besi zilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, mrushaji akawekewa saa, na akazuiwa kurusha ovyo kwenye besi ya kwanza kumtisha mkimbiaji. Mwaka 2022 ligi nzima iliiba besi 2,486. Mwaka 2023 zikawa 3,503. Kwa hiyo mchezaji anayeiba 15 siku hizi si mkimbiaji, ni mtu wa kawaida. Ukikuta mwongozo wa zamani unaosifu besi 20, upunguze.

Kipimo cha kasi ni futi kwa sekunde: 27 ni wastani, 30 ni wachache sana. Lakini kama Soto alivyoonyesha, kasi si nia. Angalia alijaribu mara ngapi, alifanikiwa mara ngapi, na kama kocha wake huwaachia watu wakimbie.

Hatua ya 6: Majeraha yasome moja moja

Watu husema "huyu anaumia sana" na kumfuta. Jeraha la kugonga ukuta si sawa na msuli wa nyuma ya paja unaorudia kila mwaka. Aaron Judge wa Yankees alivunja uzio wa bulpeni ya Dodgers (eneo la warushaji kupasha misuli) mwaka 2023 akiudaka mpira, akaumia kidole cha mguu, akacheza michezo 106. Misimu miwili iliyofuata alipiga homurani 58, kisha 53.

Goti ni jambo jingine. Ronald Acuña Jr. alichanika kano ya goti la kulia Julai 2021. Aliporudi 2022 alikimbia, akaiba besi 29, lakini nguvu hazikuwepo: homurani 15. Mwaka 2023 akatoa msimu ambao haujawahi kuonekana, homurani 41, besi 73, wastani .337. Mei 2024 likaenda la kushoto. Aliporudi 2025 mambo yakageuka: homurani 21 katika michezo 95, wastani .290, lakini besi tisa tu. Goti la kwanza lilimnyima nguvu, la pili likamnyima mbio. Hakuna kanuni moja inayokupa majibu yote mawili. Inabidi uangalie mwaka wa kurudi unaonyesha nini.

Nilikuwa na chaguo la kwanza mwaka 2024 na nilimchukua Acuña. Hata leo ningefanya hivyo. Kosa langu lilikuwa kujaza nafasi tatu zilizofuata na watu wenye historia ya kuumia, nikijiambia nina nyota wa kunibeba. Mwisho wa Mei sikuwa na pa kushika. Tangu hapo nina sheria: mmoja tu wa hatari kati ya watano.

Na huyo mmoja anaweza kukulipa vizuri. Hapa Minnesota tumemtazama Byron Buxton akicheza michezo 61, 92, 85 na 102 katika misimu minne kuanzia 2021. Mwaka 2025 alicheza 126: homurani 35, besi 24. Ukikaa uwanjani Target Field upande wa besi ya kwanza unamwona anavyoondoka. Hajiinui kwanza kama wengine. Anaanza chini, kichwa mbele, na akifika katikati ya njia mdakaji wa ndani ameshaacha kunyoosha glavu. Thamani yake ni hiyo michezo 126. Mimi humhesabia michezo 105 na kuuliza kama bei ya siku hiyo inalipika kwa 105. Ikilipika namchukua.

Hatua ya 7: Uwanja anaochezea nyumbani

Hii ipite haraka, maana watu huitia chumvi. Coors Field ya Denver iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na nyasi zake ni pana. Mapigo yanaanguka salama, wastani unapanda. Yankee Stadium ina uzio wa kulia wa futi 314 tu, zawadi kwa wapigaji wa kushoto. Oracle Park ya San Francisco inawaadhibu haohao. Mchezaji akihama timu, angalia hili kwanza. Asipohama, uwanja tayari umo ndani ya namba zake, usimhesabie mara mbili.

Hatua ya 8: Jua gharama ya wastani mbaya

Schwarber mwaka 2023: homurani 47, wastani .197, hiti 115 katika majaribio 585. Tuseme wapigaji wako wengine 13 wana majaribio 500 kila mmoja kwa wastani wa .265. Ukimwongeza, timu nzima inashuka hadi .259. Tofauti ya .006 inaonekana ndogo, lakini kwenye ligi ya timu 12 inaweza kukushusha nafasi tatu au nne kwenye jedwali la wastani. Mtu kama Schwarber anafaa kama umeshajenga msingi kwa mtu kama Judge, aliyepiga .331 mwaka 2025. Akina Schwarber wawili kwenye timu moja, umeshaiacha safu nzima ya pointi za wastani.

Hatua ya 9: Gawanya kwa madaraja, kisha uende mezani

Usipange walinzi wa nje 1 hadi 60. Wapange kwa madaraja ya watu ambao ungeridhika na yeyote kati yao: labda wanne juu, sita wanaofuata, kumi baada ya hapo. Mbele ya kila jina andika namba tatu za mizani yako, na nafasi ambayo watu kwa kawaida humchukua.

Drafti ya nyoka inakwenda na kurudi: aliyechagua wa mwisho raundi moja huanza raundi inayofuata. Ukiwa wa tatu kwenye ligi ya timu 12, zamu zako ni ya 3, 22, 27, 46, 51. Kati ya 3 na 22 wanaondoka watu 18. Kati ya 22 na 27 wanne tu. Kwa hiyo ukifika 22 na daraja lina watu sita, unaweza kuchukua mchezaji wa nafasi nyingine na bado ukamkuta mmoja kwenye 27. Likiwa na wawili, chukua sasa. Mimi hutaka walinzi wa nje wawili ndani ya raundi tano za mwanzo, watatu kabla ya raundi ya kumi.

Mechi za maandalizi za majira ya kuchipua huko Arizona na Florida zitazame kwa mambo matatu tu: anapiga wa ngapi, anakimbia kwa mguu mzima, na nani anashindana naye kwa nafasi. Wastani wa .400 mwezi Machi uache huko huko.

Nafasi ya tano ya nje iweke kwa kijana. Jackson Chourio wa Milwaukee alipiga homurani 21 na kuiba besi 22 akiwa na miaka 20, mwaka 2024, na mwanzoni mwa msimu huo alisuasua hadi wengi wakamwachia. Mpe kijana wako mpaka katikati ya Juni kama bado yuko kwenye mpangilio kila siku. Akianza kukaa benchi siku tatu kwa wiki, mwachie siku hiyohiyo, uangalie ni nani amepandishwa kupiga wa pili mahali fulani.